Swali la Saba la Bi Nukta

Kituo cha elimu ya watu wazima kilikuwa na vyumba vinne, choo kimoja chenye mlango usiofunga, na karani mmoja aliyeitwa Bi Nukta. Jina lake la kuzaliwa lilikuwamo kwenye faili, lakini faili lilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye mwenyewe. Watu wakaridhika na hilo la Nukta. Alilipata kwa haki. Akiongea, ulisikia kila sentensi inapoishia, kama mtu anayefunga milango ya nyumba mmoja mmoja kabla ya safari.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa: barua, ratiba, vyeti, na zaidi ya yote mitihani. Kwa miaka ishirini na sita alikalia kiti kilekile, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutoa karatasi yenye kosa. Hata moja. Walimu walimletea miandiko kama nyayo za kuku aliyekanyaga wino, naye akairudisha imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Mwalimu wa hesabu aliwahi kuja mbio akidai ameona koma isiyostahili kwenye ukurasa wa pili. Bi Nukta akainama, akaipuliza, koma ikaruka. Alikuwa mdudu.

Tatizo ni kwamba maradhi haya ya usahihi hakuyaacha kazini. Kadi ya harusi ya binti wa jirani aliirudisha kwa wenyewe ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, na siku ya harusi kiti chake kikakaliwa na mtu mwingine. Mumewe, fundi friji, mtu mpole asiyependa maneno mengi, aliacha kabisa kumwandikia orodha ya vitu vya kununua. Akawa anachora. Kitunguu alikichora vizuri. Sabuni ilileta mzozo, kwa kuwa ilifanana sana na mkate, na kuna jioni moja walikunywa chai kavu nyumba nzima ikinukia usafi.

Lakini aliyeumia zaidi ni wifi yake, dada mkubwa wa huyo fundi friji. Huyu alikuwa na kiduka cha vifungo kwenye kona ya mtaa wao. Shule aliiacha darasa la nne ili awalee wadogo zake, fundi friji akiwemo, na juu ya mlango wa duka alikuwa ametundika ubao alioupaka rangi kwa mkono wake: VIFUNGO, ZIPPU NA UZII WA KILA RANGI. Siku moja Bi Nukta alikwenda kununua uzi mweupe. Wifi alipoinama chini ya kaunta kuutafuta, Bi Nukta akatoa kalamu nene mkobani, akapanda juu ya ndoo, akafuta P moja na I moja. Wifi alipoinuka na uzi mkononi, ubao wake ulikuwa umepungua herufi mbili.

"Nimekusaidia, wifi," Bi Nukta akasema akishuka.

"Umenisaidia nini? Herufi zangu, rangi yangu, ubao wangu! Mimi nimewapa watu kwa wingi, wewe unabana?"

Miezi mitatu wakasalimiana kwa kupitia fundi friji. Wifi angesimama uani na kusema kwa sauti, "Kaka, mwulize mkeo kaamkaje," na Bi Nukta, akiwa hatua nne tu kutoka hapo, angejibu, "Mwambie dada yako nimeamka salama." Fundi friji alisimama katikati akigeuza shingo kama feni.

Kisha wifi akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akiwa na miaka arobaini na saba, akajiandikisha kwenye kituo kilekile, darasa la alasiri. Alipoulizwa sababu akasema, "Nataka nijue mwenyewe herufi gani inatoka na ipi inabaki. Nimechoka kufutiwa."

Mwaka ukapita. Mitihani ikakaribia.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mwalimu wa sayansi aliingia ofisini ameshika shavu. Jino la nyuma lilikuwa limemnyima usingizi usiku kucha. Akaweka karatasi mbili za maswali ya mtihani mezani, maswali kumi aliyoyaandika kwa mkono, akaonyesha kwa kidole upande wa kliniki, akaondoka bila kufungua mdomo. Bi Nukta akavaa miwani, akaanza.

Maswali, la kwanza hadi la sita, yalikwenda kama maji. Swali la saba, kwa mwandiko wa mwalimu, lilisema: Linganisha uyoga wa msituni na ukungu wa mkate. Na chini yake, la nane: Linganisha panya wa shambani na fisi maji mdogo. Bi Nukta alikuwa ameshapiga "Linganisha uyoga wa msituni na", kidole kikiwa hewani, wakati kichwa cha wifi yake kilipochomoza dirishani.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo." Papo hapo Bi Nukta akailalia karatasi kwa mikono yote miwili kama kuku anayeatamia, na kwa kiwiko akaigeuza kompyuta ikatazama ukuta.

"Nilikuwa napita tu."

"Pita."

"Mtihani mgumu?"

"Sijui."

"Si ndio huo unauandika?"

"Mimi naandika herufi, wifi. Ugumu haupitii kwangu."

"Hata kidokezo? Sisi si ndugu?"

"Undugu na mtihani havipikwi chungu kimoja. Nenda, wateja wako wanangoja vifungo."

Wifi akafyonza, fyonzo refu la mtu mwenye pumzi, akaondoka. Bi Nukta akasubiri mpaka nyayo zikapotea kabisa uani. Akainua mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Jicho lake likatafuta mstari unaoanza na "Linganisha", likauona, likaufuata mpaka mwisho. Lilikuwa limeangukia wa chini yake. Kidole kikamalizia: fisi maji mdogo. Akatia nukta.

Alipomaliza akaipitia kazi mara mbili kama kawaida yake, mara ya kwanza kutoka juu kwenda chini, ya pili kutoka chini kwenda juu, neno moja moja kinyumenyume. Kwa njia hiyo hakuna kosa la herufi linaloponyoka. Maana ya sentensi nayo huponyoka, lakini maana haikuwa idara yake. Namba za maswali ziliwekwa na kompyuta yenyewe, na kompyuta haikuona ajabu yoyote kwamba kumi yamekuwa tisa.

Siku ya mtihani wanafunzi kumi na tisa walikaa kwenye madawati yaliyokuwa madogo kwa magoti yao. Mwalimu wa sayansi alikuwa bado anauguza jino, kwa hiyo wasimamizi walikuwa Mkuu wa kituo na Bi Nukta. Mkuu huyu alikuwa mtu mwema mwenye ulemavu mmoja: hakuweza kurudisha neno likishamtoka. Mwaka uliotangulia ulimi ulimteleza akatangaza kwamba kikao cha walimu kitafanyikia stoo badala ya ofisini, na kweli walikaa stoo saa mbili nzima, mwalimu wa historia akiwa amekalia ndoo, fagio likimchoma ubavuni kila alipochangia hoja.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa kimya. Halafu kinyozi wa sokoni, aliyekaa safu ya nyuma, akainua mkono.

"Mkuu, hili swali la saba..."

"Swali la saba liko sawa," akasema Mkuu, bila kulisoma.

"Lakini linasema..."

"Linasema linachosema. Wewe jibu."

Kinyozi akamtazama mlinzi wa ghala aliyekaa kulia kwake. Mlinzi akainua mabega. Dereva mstaafu, mzee wa watu, alikuwa amevua miwani na anaifuta, akaivaa, akasoma, akaivua tena. Wifi peke yake, safu ya mbele, ndiye aliyekuwa anaandika kama mtu anayefukuzwa.

Mkuu akachukua nakala ya akiba mezani. Bi Nukta akaziona nyusi zake zikipanda polepole hadi zikakaribia nywele. Kisha akamjia kwa mwendo wa mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa hadi ukingoni.

"Bi Nukta," akanong'ona. "Hivi uyoga na fisi maji ni ndugu?"

"Hakuna kosa hapo, Mkuu. Kila herufi iko mahali pake."

"Hebu soma."

"Nimesoma mara mbili."

"Soma kama mtu."

Akasoma kama mtu. Linganisha uyoga wa msituni na fisi maji mdogo. Sentensi ilikuwa safi, haina doa, na haina akili hata chembe. Miaka ishirini na sita! Akatafuta ukuta, akauegemea.

Wakati huo darasa zima lilikuwa limeinua vichwa. Mkuu akajua kwamba sasa ni kusema au kunyamaza, naye kunyamaza hakukuzoea.

"Wanafunzi," akasema. "Swali la saba ni la makusudi. Ni swali la fikra. Kulinganisha chungwa na limau, nani asiyeweza? Elimu ya kweli..." Akatazama dari aone kama lina msaada wowote. Dari lilikuwa na alama ya maji ya mvua tu. "Elimu ya kweli haichagui wa kukaa naye. Endeleeni."

Wakaendelea. Mkuu akarudi kwa Bi Nukta akijifuta jasho. "Nimeshasema," akanong'ona kwa huzuni. "Ndiyo basi tena."

Jioni ile nyumbani Bi Nukta alisimama mlangoni mwa karakana ya mumewe, akasema, "Nimekosea." Bisibisi ikamponyoka fundi friji. Katika ndoa yao yote hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka upande ule. Akadhani kuna msiba. Akamkalisha juu ya friji kuukuu lililolazwa, akamletea maji, akamwuliza polepole ni nani.

"Si nani. Ni mstari," Bi Nukta akasema. Ndipo akalia.

Baada ya siku tatu mwalimu wa sayansi akarudi kazini, shavu limevimba kama ameficha yai, na meno mawili ya upande mmoja hana. Akapewa rundo la karatasi za majibu. Haikupita nusu saa akaingia ofisini kwa Mkuu, ambako Bi Nukta alikuwa ameitwa tayari.

"Nani ameandika hwali la haba?" akauliza. Herufi ya S ilikuwa imeondoka na yale meno.

"Tulia, mwalimu," akasema Mkuu.

"Nimeandika uyoga na ukungu! Panya na fihi maji! Mimi hili hihahihihi!"

Mkuu akamkodolea macho. "Unacheka?"

"Hicheki! Nahema hihahihihi!"

Ikabidi achukue kalamu aandike kwenye karatasi: SISAHIHISHI. Bi Nukta, pamoja na huzuni yake yote, alitupa jicho kuhakikisha ameliandika sawasawa.

Mkuu akakuna kidevu. Swali halikuweza kufutwa, kwa kuwa alishatangaza ni la makusudi. Mwalimu hakuweza kulazimishwa, kwa kuwa hakulizaa yeye. Basi akakata shauri: mwalimu atasahihisha manane, na la saba litasahihishwa na mama yake mzazi. Alama kumi zilizopungua baada ya swali moja kupotea angempa kila mwanafunzi bure, ziitwe alama za nidhamu.

"Mtoto umleavyo, Bi Nukta," akasema Mkuu.

Bi Nukta akarudi kwenye kiti chake na karatasi kumi na tisa. Kwanza alihitaji mwongozo wa majibu, maana huwezi kumkosoa mtu bila kujua sahihi ni ipi. Akafungua ukurasa mweupe, akafikiri, akaandika: "Uyoga ni nomino ya ngeli ya U. Fisi maji ni nomino ya ngeli ya A-WA." Akatia nukta. Baada ya hapo akagundua kwamba hajui kitu kingine chochote kuhusu viumbe hivyo viwili.

Akaenda kwenye kabati la vitabu, akatoa kitabu kinene cha viumbe ambacho mchwa walikuwa wameanza kukisoma kabla yake. Akajifunza kwamba fisi maji si fisi, wala hana undugu na fisi. Ana manyoya mazito, ana ngozi katikati ya vidole kama bata, anakula samaki na kaa, na hukaa nusu majini nusu nchi kavu. Akajifunza kwamba uyoga si mmea, ila ni ukoo wa peke yake, hauna majani, unakula vilivyokufa, na kile tunachokiona ni sehemu ndogo tu, kwingine kote ni nyuzi zilizotandaa udongoni. Alikaa na kitabu hicho mpaka chai ikapoa. Miaka ishirini na sita, akawaza, na nimepiga chapa mitihani mingapi ya sayansi? Neno "uyoga" alikuwa amelipiga mara mia. Kuujua hakuujua.

Kisha akaanza na majibu. Karatasi zilikuwa na namba badala ya majina, lakini mtu huvuja kwenye maandishi yake. Kinyozi alijulikana kwa sentensi ya kwanza: "Uyoga una kofia na hauna kichwa. Fisi maji ana kichwa na hana kofia. Wangekaa pamoja wangesaidiana." Akampa alama sita.

Mlinzi wa ghala alikuwa ameandika: "Uyoga hauogi, ingawa jina lake lina dalili. Fisi maji anaoga kutwa, ingawa jina lake ni la fisi. Kwa hiyo jina la mtu lisikutishe, angalia kitambulisho." Sita na nusu.

Mmoja alichora jedwali lenye miguu, mkia, masikio na mbio, akajumlisha chini: Fisi maji saba, Uyoga moja. Ile moja ya uyoga ilikuwa ya utulivu. Mwingine, ambaye Bi Nukta hakumtambua, aliandika mstari mmoja tu: "Uyoga unaota. Fisi maji naye akilala huenda anaota." Bi Nukta akacheka hadi akavua miwani, akampa nne kwa ufupi na mbili kwa Kiswahili.

Dereva mstaafu hakuwa amejibu, ila hakuacha wazi. "Sijawahi kuonana na fisi maji," aliandika kwa mwandiko wa mtu aliyelelewa, "wala msituni sikuwahi kushuka garini. Naona haya kuwasema wasionijua. Mniwie radhi." Bi Nukta akaitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Mwongozo wake haukuwa na nafasi ya adabu. Akampa tano.

Ya kumi na nne ilikuwa ya wifi yake. Hakuhitaji namba. Herufi zile nene, za ukarimu, alizifahamu tangu ubaoni. Akafungua kalamu nyekundu kwa hamu ambayo hakujivunia. Mstari wa kwanza tu ukampa kazi: wifi alikuwa ameisahau Y. Kila penye uyoga, aliandika uoga. Karatasi nzima.

"Uoga wa msituni huota kimyakimya," iliandikwa. "Jana haukuwepo, leo upo. Unapenda giza na unyevu na mahali penye kitu kilichokufa. Uoga hauna maua wala hauzai matunda. Ule unaouona juu ni kofia tu, uoga wenyewe umejitandaza chini kama uzi, mbali kuliko unavyodhani. Kuna uoga usiodhuru na kuna uoga unaoua, na kwa macho unafanana, kwa hiyo muulize aliyekutangulia. Fisi maji ni tofauti. Fisi maji mdogo hana uoga hata kidogo. Anaingia kwenye maji asiyoyaona chini, anatoka na samaki."

Bi Nukta alicheka kwa pua. Akasoma tena, akacheka kwa mdomo, mhudumu wa usafi akachungulia kuona kuna nini. Mara ya tatu hakucheka. Alimkumbuka wifi yake siku ile ya kwanza anaingia darasani amebeba mkoba wa shule wa mtoto wake, wenye picha ya gari, akiomba radhi kwa kila dawati analoligonga. Akahesabu zile "uoga", za hapo na za upande wa nyuma wa karatasi. Kumi na nne. Kwa kanuni yake, nusu alama kila kosa, wifi angebaki na tatu.

Jioni akamwuliza mumewe, bila kutaja mtu. "Mtu akikosea neno moja mara kumi na nne, amekosea mara ngapi?"

Fundi friji alikuwa anapuliza vumbi kwenye mota. Akafikiri. "Mtu akivaa shati nje ndani asubuhi," akasema, "akapita mbele ya watu mia, amekosea mara moja. Hao mia ni watazamaji."

Kesho yake Bi Nukta akaandika kwenye karatasi ya kumi na nne: tisa na nusu. Ilikuwa ndiyo alama ya juu kuliko zote.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Saa tano kamili wifi akaingia ofisini, safari hii kwa mlango, karatasi mkononi.

"Nusu yangu iko wapi?"

"Nusu gani, wifi?"

"Hapa pana tisa na nusu. Kumi ina nusu nyingine. Iko wapi?"

"Iko kwenye Y. Umeandika uoga. Soma."

Wifi akasoma kwa sauti, kwanza kwa haraka ya mtu anayejitetea, halafu taratibu. Alipofika "fisi maji mdogo hana uoga hata kidogo" akasimama, akajishika kiuno. "Kumbe nimetoa mawaidha!" Akacheka, kisha ghafla akaisogeza karatasi karibu na jicho. "Lakini subiri. Hii nukta hapa pembeni, kubwa kama punje ya choroko, mimi naijua. Hii si ya mwalimu wa sayansi. Wifi, ni wewe uliyesahihisha?"

"Ni mimi."

"Na swali alilitunga nani? Kinyozi anasema Mkuu aliliota."

Bi Nukta akaweka mikono mezani. Angeweza kunyamaza, Mkuu mwenyewe alikuwa ameshaanza kuamini kwamba ni yeye. Lakini alipomtazama wifi yake pale, na ile karatasi imekunjwa vizuri pembeni kama hati ya kiwanja, hakuweza.

"Ni kosa langu," akasema. "Wewe ulipochungulia pale dirishani, mimi nikaficha karatasi. Niliporudi kuandika nikaruka mstari. Hakuna swali kama hilo. Halikuwepo."

Wifi akavuta kiti.

"Kwa hiyo mimi nilichungulia, wewe ukaruka."

"Ndiyo."

"Basi tumelitunga pamoja."

"Hapana."

"Ndiyo! Mimi ni mtunzi mwenza. Mtunzi hakatwi nusu kwenye swali lake mwenyewe. Irudishe."

"Mtunzi haruhusiwi kufanya mtihani alioutunga," akasema Bi Nukta, akachukua kalamu nyekundu. "Ukisema nikuandike mtunzi, nafuta zote tisa na nusu. Chagua."

Wifi akaitazama kalamu. Akaitazama karatasi.

"Mimi nilikuwa napita tu," akasema.

Walicheka mpaka Mkuu akatoka ofisini kwake kuuliza kama kuna kikao ambacho hakualikwa. Bi Nukta alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika, na hakuna mtu kituoni aliyewahi kuona nywele zake zikiwa zimevurugika. Wifi aliapa kwamba siri hii ataizika. Kufikia adhuhuri kila aliyenunua zipu aliondoka nayo, na wengine ambao hawakuhitaji zipu walinunua ili waisikie kwa ukamilifu.

Bi Nukta alidhani ataaibika mtaani. Badala yake watu walianza kupiga hodi kwake. Kinyozi alikuja na barua ya kumwomba mwenye nyumba atengeneze bomba, akasema alikuwa anaona aibu kuileta zamani, lakini sasa kasikia na yeye ni binadamu. Mlinzi wa ghala akaja na risala ya mahafali ya binti yake. Hata wale wenye ile kadi ya harusi walimsalimia barabarani, kwa mbali, wakiwa wameshika mikono ya watoto wao.

Wifi akafaulu, akapanda darasa. Mwalimu wa sayansi aliwekewa meno ya bandia na herufi yake ikarudi, japo siku za baridi ilichelewa kidogo. Mkuu, kila akipata wageni, huwaeleza jinsi alivyobuni swali la fikra, na hakuna anayemkatiza.

Bi Nukta bado anapiga chapa. Kosa la pili halijaonekana. Lakini tangu mwaka ule amekuwa mzito, na walimu wananung'unika, kwa sababu sasa anasoma kilichoandikwa. Juzi mwalimu wa historia alifika kuchukua mtihani wake saa saba na nusu, akamkuta amesimamisha vidole kwenye ukurasa wa kwanza.

"Mwalimu, huyu mfalme wako aliyehama mji usiku mmoja na ng'ombe wote."

"Ana nini?"

"Mama yake alimwacha na nani?"

"Bi Nukta, mtihani ni saa nane."

"Nauliza tu. Maana hapa kuna ng'ombe, kuna askari, kuna ngoma. Mama hayumo."

"Kitabu hakisemi."

"Hajasemwa popote?"

Mwalimu akatazama saa yake. Kisha akaweka chaki mezani, akaenda kwenye kabati la vitabu kutafuta kitabu kingine.